Kigingi cha Shangazi Mafunda

Vibandiko vyekundu vilikuwa arobaini na kimoja, kimoja kwa kila kitanda, na kila kibandiko kilikuwa na muhuri wa Mwanamkasi Shekue. Watu wa Mamlaka ya Urejesho walikwishaondoka na gari lao lisilo na mlio. Walichoacha ni vitanda vya kamba vilivyojaa barazani na uani, vimepigwa alama kama wezi, na Shangazi Mafunda, aliyeviwamba kwa mkono wake, kasimama katikati mikono kiunoni.

"Shikamoo, shangazi," akasema Mwanamkasi mlangoni.

Shangazi hakuitikia. Pangani hata mtoto aliyekuvunjia chungu akikuamkia unamwitikia marahaba, kisha ndipo unamtafuta na fimbo. Shangazi Mafunda aliigeuza shingo, akainama kwenye kitanda kilicho karibu, akasoma kibandiko kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili.

"'Hakirudi udongoni. Kimekataliwa. Rufaa siku tisini, kisha tanuri.' Haya, mpimaji. Nieleweshe mimi nisiyesoma. Kamba ya usumba wa nazi isiporudi udongoni inakwenda wapi? Mbinguni?"

Mwanamkasi alikuwa na jibu, na alilipenda jibu lake. Alizaliwa miaka ile mito ilipokuwa imezibwa na viti vya plastiki na magodoro ya sponji, na milima ilipokuwa imenyolewa mivule ili watu wapate makochi ya kuonyeshea wageni. Ndipo ikaja Sheria ya Urejesho, yenye mstari mmoja ambao kila mwanafunzi aliuimba: kisichorudi udongoni hakiingii nyumbani. Kila samani ilikatwa kipande, kipande kikazikwa siku tisini katika masanduku ya udongo ya kituo cha upimaji. Udongo ukikila, samani inapata cheti. Usipokila, samani inakwenda tanurini. Hapakuwa na upendeleo wala kujuana. Kamba ya usumba ilizikwa, siku ya tisini ikatoka ngumu vilevile. Samani za Mwotesho, zinazooteshwa kiwandani kwa nyuzi za uyoga juu ya mabaki ya mkonge, zilizikwa zikatoka uji. Mwanamkasi alizifukua kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwahi kupokea hata soda ya mtu.

"Usumba unachelewa, shangazi. Sheria inasema siku tisini."

"Unachelewa! Si ndiyo kazi yake? Nani anataka kulala juu ya kitu chenye haraka ya kuoza?"

"Vya Mwotesho havianzi kuoza mpaka vizikwe."

Shangazi akachukua jembe lililoegemea ukutani, akajifunga kanga kiunoni.

"Maji yamekupwa," akasema. "Vua hivyo viatu vyako vya serikali, unifuate."

*

Kando ya mto, pale tope linapobaki wazi maji yakitoka, wanawake wa Pangani wana mashimo yao ya makumbi. Maganda ya nazi hufukiwa humo miezi sita, saba, mpaka yalainike. Ndipo hufukuliwa, yakapondwa kwa rungu, ukatoka usumba, ukasokotwa kamba, na kamba ikawamba kitanda. Kila shimo lina mwenyewe, na alama ya mwenyewe ni kigingi. Vigingi huwa vya mti wa mkoko, navyo baada ya mwaka mmoja au miwili huliwa na tope vikaanguka. Hapo ndipo ugomvi huanza, huyu anasema shimo ni langu, yule anasema lako liko kule kwenye kaa. Wanawake wa Pangani wamegombania vigingi vilivyooza zaidi kuliko walivyowahi kugombania waume.

"Mimi sigombani na mtu," alisema Shangazi Mafunda, tope likiwa magotini. "Tangu nilipopata hiki sijagombana na mtu."

Akakishika kigingi chake kwa mikono miwili, akakizungusha, akakichomoa. Akakipangusa kwa upindo wa kanga. Kilikuwa mguu wa kigoda. Mwaka ule wa ugawaji kila nyumba ilipewa kigoda cha Mwotesho kama zawadi, na cha shangazi kilivunjika kabla ya mfungo kwisha, kwa sababu alikikalia kama watu wanavyokalia kigoda. Mguu mmoja akauleta hapa. Sasa uling'aa kama umetoka dukani jana, bila ufa wala tundu la mdudu. Kwenye kisigino chake maandishi yalisomeka vizuri kabisa: Hurudi udongoni siku tisini. M. Shekue, Mpimaji.

"Mimi nimezihesabu," shangazi akasema. "Miaka mitano imetimia mwezi uliopita. Piga wewe mwenye shule, ni siku tisini ngapi hizo?"

Mwanamkasi alihisi uso ukimchoma. "Tope halina hewa, shangazi. Kitu hakiozi vizuri pasipo na hewa. Kipimo chetu..."

"Mikoko inaozea hapahapa."

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini yako ibaki nayo. Usumba wangu uzike shambani, misimu minne ukifukua hukuti kitu, mihogo imeshakula. Hata chakavu zake natandazia migomba. Na mbao zangu ni za minazi iliyokoma kuzaa, minazi iliyopandwa na babu yako. Mimi sijaukata mvule wa mtu." Akamkabidhi kile kigingi. "Tope halina hewa? Chukua, kakizike penye hewa. Kata vipande unavyotaka, ila kilichobaki unirudishie, maana ni alama yangu. Siku tisini umenipa, na mimi nakupa tisini zilezile."

*

Mwanamkasi alikata vipande vitatu kwa msumeno mmoja, siku moja. Kimoja akakizika nyuma ya nyumba yake penye mihogo, kingine chini ya mgomba wa jirani, na cha tatu katika sanduku la kituo. Hakumwambia mtu. Moyoni alikuwa na hakika kwamba vyote vitaoza, na alikwishapanga namna atakavyomrudia shangazi yake kwa upole, asionekane anajivuna.

Siku ya tisini ilikuwa Alhamisi. Magari ya tanuri yangefika Jumamosi.

Alianza na shimo la mihogoni. Jembe likagonga kitu kigumu, akakitoa, akakisugua kwa kidole gumba. Mkato wa msumeno wake ulikuwa bado mkali wa kuchana ngozi. Akaenda mgombani, akakuta mambo ni yaleyale, ila chungu mmoja alikuwa ametambaa juu ya kipande akaona hakina faida, akaenda zake. Basi akaharakisha kituoni, akafungua sanduku, akaingiza mkono. Vidole vilipita katikati ya kile kipande cha tatu kama vinapita kwenye embe lililooza.

Mguu ulikuwa mmoja na siku zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni udongo, na udongo wa kituo ulikuwa na asili yake. Mwanamkasi alikaa chini sakafuni, mikono imejaa ule uji, akakumbuka.

Miaka saba iliyopita kituo kilikuwa jengo jipya juu ya mwamba wa matumbawe, hakuna hata konzi mbili za udongo wa kupandia bamia. Yeye ndiye aliyempigia simu msimamizi wa kiwanda cha Mwotesho kule barabarani. Nasikia mna udongo mweusi mnaoutupa, mnaweza kunisaidia lori moja? Wakamletea malori matatu, udongo mzuri unaonukia mvua. Aliwashukuru, tena kwa barua yenye muhuri.

Jioni ileile alikwenda kiwandani akauliza, akajibiwa waziwazi, maana kila fundi wa Mwotesho anajua samani inavyotengenezwa. Nyuzi za uyoga hula mabaki ya mkonge ndani ya kalibu, zikajisuka zikawa mguu, au ubao wa kuegemea. Kisha joto kali huziua ili zisiendelee kumea ndani ya nyumba ya mtu. Lakini zikiisha kufa hulegea, kwa hiyo hunyweshwa gundi ya kiwandani, na gundi hiyo hakuna kiumbe yeyote duniani anayeila, isipokuwa kuvu mmoja. Kuvu huyo walimzalisha wenyewe katika matangi yao, wamtumie kusafisha kalibu zilizogandwa. Maji ya kusafishia yakamwagwa kwenye udongo. Udongo ukapakiwa kwenye malori, ukaletwa kwa binti Shekue anayeshukuru kwa barua.

Hakuna aliyemdanganya, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa amedanganywa angalau angekuwa na mtu wa kumlaani. Aliomba kwa kinywa chake na hakuuliza udongo umetoka wapi, yeye ambaye kazi yake duniani ilikuwa moja tu, kuuliza. Kwa udongo huo alikuwa ameipitisha kila samani ya Mwotesho iliyomo mkoani, na kwa udongo huohuo alikuwa amekihukumu kila kitanda cha kamba.

*

Mkurugenzi Mbelwa wa Mamlaka alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kukunja karatasi ndogondogo akiwaza, na siku hiyo alikunja moja mpaka haikukunjika tena.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

Mwanamkasi alikuwa amejiandaa kwa mshangao. Alikuwa amejiandaa hata kwa kufukuzwa. Swali hilo hakulitarajia, na lilimchukua muda kulielewa.

"Wewe ulijua lini?" akamuuliza.

"Mwaka wa tatu. Mwotesho waliniandikia wenyewe, wasiwasi uliwaingia walipoona mabaki yao dampo hayaozi. Keti, Mwanamkasi."

"Nitasimama."

"Sawa. Umepita barabara ya milimani hivi karibuni? Umeona mivule ilivyopanda? Mbega wamerudi, watoto wanawaona kwa macho yao, si kwenye picha. Kwa nini wamerudi? Kwa sababu watu wameacha kukata miti, na wameacha kwa sababu wana viti na vitanda na makabati ambayo wanaamini ni mazuri. Wakiambiwa leo kwamba ni uongo, kesho watadai nini? Plastiki haipo tena. Misumeno ipo." Akaiweka ile karatasi mezani. "Nilinyamaza kwa ajili ya msitu. Upande mmoja vitanda arobaini na kimoja vya shangazi yako, upande wa pili msitu mzima. Pima. Wewe ndiye mpimaji."

Na alipima, Mungu anajua. Aliuona msitu ule, aliwaona mbega. Yawezekana Mbelwa alisema kweli. Yawezekana misumeno ingeingia siku ya tatu. Lakini hasira ilikuwa imemjaa, na ndani ya hasira hiyo alimwona bibi yake wa Mwera.

"Mwaka juzi, Mwera," akasema. "Vitanda mia sita. Wewe ulikuwa umekwishajua."

Mbelwa akaichukua tena ile karatasi, akaanza kuikunjua.

"Nilisimama pale tanurini na hii sare yangu. Kitanda cha bibi yangu kilikuwamo, kile alichomzalia mama yangu. Alinishika mkono akaniuliza, mjukuu wangu, kosa lake nini? Nikamweleza habari za siku tisini. Nikampa cha Mwotesho, akakilalia wiki mbili, mgongo ukamshinda, maana kigumu na hakikazwi wala hakilegezwi. Alilala chini kwenye mkeka mpaka amekufa. Wewe ulikuwa unajua, na ukanituma nikasimamie!"

"Pole sana. Lakini bibi mmoja..."

"Usimtaje! Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, mkurugenzi. Msitu mnaulinda kwa migongo ya watu waliokuwa hawaukati. Mlipotaka kusema uongo, mngeusema kwa muhuri wenu."

"Muhuri ni wako," Mbelwa akasema polepole, na kwa mara ya kwanza upole wake ulikuwa na ncha. "Hilo ndilo nataka ulifikirie. Barua ya shukrani ni yako, malori uliyaita wewe. Jina langu halimo popote. Ukiifumua hii, utakayemvua nguo ni Mwanamkasi Shekue peke yake, na hakuna kituo nchini kitakachompa tena hata kazi ya kuchekecha mchanga."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mwanamkasi aliutazama muhuri uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, chuma kidogo alichokuwa akilala nacho miaka saba. Kwa sheria, matokeo ya mpimaji hufutwa na mahakama au na mpimaji mwenyewe. Akatoka bila kuaga.

*

Jumamosi asubuhi magari mawili yaliingia uani kwa Shangazi Mafunda. Majirani walikwishajaa ukutani, na wanawake wa mashimoni walikuja na marungu yao ya kupondea makumbi, ati walikuwa wanapita tu. Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kitanda cha katikati, miguu ameikunja, na ilionekana kwamba anayetaka kukichukua kitanda kile angekichukua pamoja na yeye.

Msimamizi wa magari, bwana mmoja mnene aitwaye Chambuso, alikielekeza kisomeo chake kwenye kibandiko cha kwanza. Kikatoa mlio ambao hakuwahi kuusikia. Akakipiga piga kiganjani, akajaribu cha pili, na cha tatu.

"Kinasema 'batili'," akamwambia dereva. "Si 'kimekataliwa'. Batili."

"Labda kimeingia maji. Jaribu kitu kingine."

Chambuso akakielekeza kwenye kiti cha dereva wake, cha Mwotesho, chenye cheti cha kijani. Batili. Akaelekeza kwenye meza aliyoiona dirishani kwa jirani. Batili.

"Ni mimi," akasema Mwanamkasi.

Alikuwa amesimama langoni tangu mwanzo, bila sare, kigingi mkononi. Watu wakampisha. Alikuwa ameandika maneno ya kusema na kuyakariri njia nzima, lakini alipofika katikati ya ua yalimtoka, akasema yaliyokuwapo.

"Nimefuta kila kipimo cha kituo cha Pangani, cha miaka saba. Vilivyopita na vilivyokataliwa, vyote. Udongo haukuwa safi. Udongo niliuomba mimi kiwandani, sikuuliza umetoka wapi. Samani za Mwotesho haziozi popote ila kwenye udongo wao wenyewe. Nimeandika hivyo kwenye daftari la Mamlaka, na nimeandika kwamba kosa ni langu, na kwamba mkurugenzi alijua akanyamaza. Bwana Chambuso, kitu chenye kipimo batili sheria haikuruhusu kukigusa."

Chambuso aliwatazama wanawake, akayatazama marungu, akaonekana kufurahia sana kwamba sheria haimruhusu. Magari yakarudi nyuma, yakatoka.

Kelele zilizofuata hazikuwa za shangwe peke yake. Palikuwa na vigelegele, ndiyo, lakini mwanamke mmoja aliyeolewa kutoka Mwera alianza kulia kwa sauti, akiuliza nani atamrudishia kitanda cha mama yake, na mwingine akatema mate chini mbele ya miguu ya Mwanamkasi. Mwanamkasi hakusogea. Shangazi Mafunda akashuka kitandani polepole, akaja mpaka karibu.

"Vyangu vimesalimika," akasema. "Na vya Mwera?"

"Havirudi, shangazi."

"Na kazi?"

"Imekwisha. Jumatatu naitwa, sijui kitakachofuata."

"Na huo msitu, wataukata?"

"Sijui. Wanaweza."

Shangazi akatikisa kichwa, akitafakari. Akakitazama kile kigingi, kifupi kuliko alivyokitoa, kisigino chake kikiwa na jina zima la mpwa wake. Mwanamkasi akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Nimekurudishia alama yako. Shikamoo, shangazi."

Watu wakangoja marahaba. Shangazi Mafunda hakukipokea. Akaenda kwa wanawake wa mashimoni, akachukua rungu kutoka mkono wa mmoja wao, akarudi, akamtia mpwa wake mkononi.

"Mimi nitatafuta mkoko, nitagombana na wenzangu kama zamani. Hicho nenda kakipigilie mbele ya mlango wako, jina likiangalia njia. Kila atakayepita akisome, na wewe ukisome ukitoka na ukiingia, mpaka mmoja wenu aoze." Akamfungulia lango. "Ukishakipigilia, njoo uniamkie."

Mwanamkasi alitembea mtaa mzima na watu nyuma yake. Alipofika mlangoni pake alipiga magoti, akakisimamisha kigingi penye udongo mgumu, jina likielekea njiani, akaanza kukipigilia.